Tawi la Tatu katika Kifua cha Mwalimu Donat

Wapendwa wafiwa, Padri wetu, walimu na waliokuwa wanafunzi wa marehemu, majirani wa Katoyi, na ninyi nyote mliofika kutoka Butembo na Beni pamoja na ugumu wa barabara, mimi ni Darius Katembo, mdogo wake marehemu, fundi wa pikipiki kule Birere, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, kazi ambayo ingemfaa mtu anayeweza kutulia mahali pamoja, maana mimi, wanaonijua wanajua, hata kanisani nakaa karibu na mlango. Nina karatasi mbili mkononi, moja ni historia tuliyoiandika sisi familia, nyingine ni ya marehemu mwenyewe, aliyoiandika kwa mkono wake na kuniapisha niisome hadharani mbele ya walimu wenzake, kwa sababu inamhusu mama mmoja ambaye marehemu alimkosea na kutaka asafishwe jina kabla yeye mwenyewe hajafukiwa, na wazee wetu jana waliniomba hiyo ya pili niiache mfukoni, wakisema msiba si mahali pa kuanika mambo ya ndani. Nitaisoma. Atakayekasirika anisubiri tukitoka makaburini.

Marehemu Donat Kasereka Siviholya alizaliwa tarehe 11 Agosti 1962 huko Kyondo, kwenye milima yetu ya baridi, akiwa mtoto wa tatu wa kiume wa muzee Siviholya, mkulima, na mama yetu Dancille, ambao wote wamemtangulia mbele ya haki, na mama alizoea kutusimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa kimya, hakulia mpaka mkunga alipomsugua mgongo kwa nguvu, na alipopata pumzi hakunyamaza tena, jambo ambalo wanafunzi wake wa miaka thelathini na mitatu wanaweza kulishuhudia. Alisoma shule ya msingi hukohuko Kyondo kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari Butembo ambako alijifunza uuguzi na kupata diploma mwaka 1981, akafanya kazi miaka mitatu katika zahanati ya misioni, kisha akaenda Kinshasa mwaka 1984 na kurudi mwaka 1987 na graduat yake, shahada ya miaka mitatu, akiwa amekonda, na sanduku moja la vitabu ambalo mimi nililibeba kichwani kutoka kituo cha malori hadi nyumbani nikidhani ndani mna nguo zangu.

Alifika hapa Goma mwezi Januari 1988, akawa muuguzi wa hospitali kwa miaka mitatu, na mwezi Septemba 1991 alianza kufundisha somo la anatomia katika shule mojawapo ya wauguzi ya mji huu, kazi aliyoifanya bila kukatiza, ukiondoa siku za vita na siku za volkano, hadi ugonjwa ulipomketisha. Naona nimeiruka ndoa, mnisamehe, nitairudia.

Wengi wenu hapa mlipita mikononi mwake, kwa hiyo mnajua kwamba alifundisha mwili mzima, lakini moyo wake ulikuwa kwenye njia za pumzi, na angeweza kula wiki tatu akizieleza, jinsi trakea inavyoshuka kutoka kooni kwa urefu wa sentimita kumi hadi kumi na mbili, imeshikwa wazi na mapete ya gegedu yaliyokatika kwa nyuma ili umio upate nafasi chakula kikipita, jinsi inavyofika katikati ya kifua na kugawanyika mara mbili, bronki ya kuume na bronki ya kushoto, na hapo ndipo aliposimama na kuuliza swali lake, kwa nini punje ya karanga anayoivuta mtoto akicheka huenda karibu kila mara upande wa kuume. Mimi si mtu wa shule, lakini jibu ninalo hata usingizini, kwa sababu bronki ya kuume ni fupi, pana, na imesimama karibu wima, wakati ile ya kushoto ni ndefu mara mbili, nyembamba, imelala ubavu ikiupisha moyo na mshipa mkubwa wa damu, na kitu kinachoanguka hakitafuti njia ngumu. Alipokuwa hai nilimtania kwamba hata dini ameisahau, anachokijua ni kuume na kushoto tu.

Shule ilikuwa na kifua cha plasta kilicholetwa na mapadri, chenye mapafu ya kutoa na kurudisha, na tarehe 17 Januari 2002 lava ilipoteremka mjini kilibaki chini ya mawe pamoja na madawati yote, watu wakilia nyumba zao, yeye alilia nyumba yake na kifua cha plasta. Aliporudi kufundisha chini ya turubai hakuwa na kitu cha kuonyesha, ndipo alipoanza ile desturi yake iliyomfanya ajulikane hadi sokoni, kila mwezi Mei alinunua kwa wachinjaji wa Birere mapafu mazima ya mbuzi pamoja na koo lake, akayaosha, akayaweka juu ya meza kwenye karai, na mimi nikaitwa na pompa yangu ya mipira ya pikipiki, nikaingiza mpira kwenye trakea na kupuliza taratibu, mapafu yakainuka ya waridi mbele ya wanafunzi, wasichana wakapiga kelele na mmoja au wawili wakatoka nje.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jambo lilipoanzia. Mbuzi si mtu, na mbuzi ana tawi moja la ziada, kabla trakea haijafika kwenye njia panda yake, upande wa kuume, linachomoza tawi dogo peke yake na kwenda kulisha sehemu ya juu ya pafu, na kila mwaka marehemu aliligusa kwa kijiti na kuwaambia wanafunzi kwa sauti ya kugomba: "Hii hapa ni ya mbuzi! Mutu hana! Yeye atakayenichorea hii ndani ya mutu, minamupa zero, na aende kuchunga." Na kila mwaka, kwa sababu macho hukumbuka kuliko masikio, mwanafunzi mmoja alilichora, akapewa sifuri yake, darasa likacheka, akafanya mtihani wa marudio na maisha yakaendelea.

Mwezi Juni 2009 aliyelichora alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, Kaswera Riziki, binti wa wafanyabiashara kutoka Beni, mwanafunzi mzuri, na yeye hakukubali sifuri, alisimama mbele ya wenzake akasema kwa heshima: "Mwalimu, si ya mbuzi nimechora. Kule hospitali tulikuwa stage, kujifunza kazi, docteur alituonyesha hii kitu kwa mutu, kwa radio, ile picha ya kifua. Alisema batu bamoja bamoja banazaliwa nayo." Marehemu alisikia hayo kama matusi. Alimwita mwongo, alimwambia kwamba muuguzi anayetunga maneno ataua watu, akampandisha mbele ya baraza la walimu si kwa kosa la mchoro tena bali kwa kosa la utovu wa nidhamu, na Kaswera, ambaye angeweza kurudia mtihani kama wale wengine wote, alifutwa shuleni wiki mbili kabla ya mitihani ya serikali. Mimi nasema kama nilivyosikia kwa kinywa cha marehemu, maana miaka kumi na sita hakuligusa jambo hilo, na alipoligusa hakuliacha tena.

Narudi kwenye ndoa. Jumamosi tarehe 5 Agosti 1989 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama Ernestine Kavira, aliyekaa pale mbele, na Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza ni Prodige, ambaye amefika jana kutoka Kampala, na wadogo zake wanne, wote wako hai, wote wamesoma, na wajukuu saba, ambao babu yao aliwafundisha kukaa kimya wakati wa kula karanga. Mama Ernestine na marehemu waliishi miaka thelathini na sita bila kesi iliyofika kwa wazee, jambo ambalo watu wa Birere, ambako kesi haziishi, wanaliona kama muujiza, na nyumba hiyo niliilinda na mimi kwa namna yangu, kwa ujinga wangu, nitafika hapo.

Ugonjwa ulianza mwezi Julai 2024 kwa kikohozi ambacho yeye alikiita vumbi, ikafuata homa ya mapafu, akatibiwa akapona, ikarudi mwezi Desemba, akatibiwa tena, ikarudi siku zile za risasi mwishoni mwa Januari 2025, wakati hospitali zilipojaa majeruhi na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuangalia mzee anayekohoa, na kila mara madaktari walisema ni palepale, juu, pafu la kuume. Yeye mwenyewe alijua kwamba homa inayorudi mlango uleule ina mwenyeji wake ndani. Jumatatu tarehe 18 Agosti 2025 tulivuka mpaka tukaenda Kigali, akaingizwa kwenye skana, na daktari kijana akatuita mezani, akatuonyesha picha, akasema kwanza habari mbaya, kuna uvimbe na umekua mno, kisha akaeleza kwa nini ulijificha kwenye picha za kawaida, "Muzee, umezaliwa na tawi la ziada, linatoka kwenye trakea yenyewe kabla ya mgawanyiko, upande wa kuume, ni watu wachache sana wanalo, na uvimbe umeota ndani yake."

Wapendwa, nimewaona watu wakipewa habari za kufa, nyuso zao nazijua, lakini kaka yangu habari ya kufa hakuisikia. Aliinama juu ya ile picha, akalifuata lile tawi kwa ukucha, akacheka mpaka kikohozi kikamkata, kisha akasema jina moja, Kaswera, nami nikageuza uso nikaanza kukusanya karatasi zake. Tukirudi, tulipofika Gisenyi mpakani, aliniambia: "Darius, nilimufukuza mutoto wa watu juu ya kitu niko nacho mu kifua. Unitafutie yeye mbele ya mimi kufa."

Nilimtafuta, au tuseme nilifanya kama ninamtafuta. Kwa wiki nne nilimpakia mgonjwa nyuma ya pikipiki yangu, nikampeleka Lac Vert nikidai nimesikia yuko huko, nikampeleka pembezoni mwa Katoyi, nikauliza kwenye nyumba ambazo nilijua hayupo, yeye akikohoa mgongoni kwangu na vumbi la njia ya Sake likimmaliza, na wakati huohuo Kaswera Riziki alikuwa anauza nguo za mitumba Birere, safu ya pili kutoka gereji yangu, ambako nimempita kila asubuhi kwa miaka kumi na sita nikigeuza uso. Nitawaambia kwa nini kabla sijakaa. Mama Ernestine alipochoka na safari zetu alijifunga kitenge, akaenda sokoni mwenyewe, na kwa saa moja akawa amempata, kwa sababu kila mtu pale anamjua mama Kaswera, ndiye wanayemwita mtu akikatwa na bati au mtoto akiungua, na siku zile za Januari alifunga vidonda kwa mashuka aliyokuwa anauza.

Alikuja tarehe 20 Septemba 2025. Marehemu alikuwa ameandaa maneno siku nzima, lakini mama huyo alipoingia hakumpa nafasi, alisikiliza pumzi yake kwa sikio, akaona tulivyomlaza, akatugombeza sote, akamgeuza alale ubavu wa kushoto ili upande mgonjwa uwe juu na uchafu uteremke, akaanza kumgonga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa, na akarudi kesho yake, na kesho kutwa, wiki sita na nusu, bila kuombwa. Kila siku marehemu alimwomba msamaha, akisema kwamba alikuwa mjinga, kwamba hakujua kama kitu hicho kiko, na kila siku Kaswera alimjibu kwa adabu neno lilelile: "Papa, ulijua. Geuka." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Marehemu aliapa kwa Mungu, aliapa kwa watoto wake, akalia mbele yetu kama sijawahi kumwona akilia tangu tumzike mama, akasema, sikukuwa najua, Kaswera, sikukuwa najua, na yeye akafuta jasho lake kwa kitambaa na kusema tena, ulijua papa, lala sasa.

Tarehe 12 Oktoba aliandika karatasi hii ya pili, na nakala yake aliipeleka shuleni, ambako walimjibu kwa heshima kwamba uamuzi ni wa baraza la zamani hivyo hawana uwezo wa kuubadili, ndipo akaniapisha. Inasema hivi: "Mimi Donat Kasereka Siviholya, mwalimu wa anatomia, nasahihisha kazi ambayo niliisahihisha vibaya mwezi Juni 2009. Mchoro wa mwanafunzi Kaswera Riziki unaonyesha njia za pumzi za mtu ambaye yuko, na mtu huyo ni mimi. Hakusema uongo, alisema alichokiona, na muuguzi hahitaji kitu kingine zaidi ya hicho. Nampa ishirini juu ya ishirini. Naomba walimu wenzangu washuhudie."

Walimu mmesikia.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Katoyi Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mke wake akimshika mkono mmoja na mama Kaswera akimshikilia kichwa, na neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa ni kumwomba huyo mama amwamini, naye akamwambia atulie.

Familia inawashukuru madaktari wa Goma na wale wa Kigali, walioweza kulitambua tatizo ijapokuwa tulikuwa tumechelewa, inawashukuru majirani wa mtaa huu walioleta maji, kuni na viti tangu Jumatano, wakristo wa jumuiya waliosali nasi, walimu wenzake na wauguzi wote aliowafundisha, ambao leo wamevaa nguo zao nyeupe na kumbeba, Mungu awalipe pale tulipopungukiwa. Karatasi ya familia inaishia hapa. Haya yanayobaki hayakuandikwa popote, na mama Ernestine, shemeji yangu, unisamehe kwamba unayasikia pamoja na watu wote, usiku wa kuamkia leo nilikuja mara mbili hadi mlangoni kwako nikashindwa kubisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami kifo kimeniumbua kikiwa cha mwingine. Mwezi ule wa Juni 2009, siku tatu baada ya kufutwa, Kaswera alikuja gereji kwangu akiwa na bahasha iliyofungwa, akaniomba nimpe mwalimu mkononi, kwa kuwa shuleni walimzuia getini na nyumbani aliona aibu. Mnajua maneno ya siku zile kuhusu walimu, wasichana na pointi za mitihani, barua ya msichana kwenda kwa mwalimu mwanaume ilikuwa na maana moja tu kichwani mwangu, nikasema moyoni, huyu anataka kuivunja nyumba ya kaka yangu, nikaipasua mbele ya mtumishi wangu kwa majivuno na kuitupa kwenye kopo la mafuta machafu. Vipande vikaelea. Kwenye kimoja niliona mchoro wa mabomba kama yale niliyoyapuliza kwa pompa yangu, na tawi lile dogo juu, na kando yake muhuri wa hospitali na saini ya daktari. Niliviangalia mpaka vikazama. Kesho yake Kaswera alipita akaniuliza kama mwalimu ameipata, nikamjibu, ameipata, ameisoma, hana jibu.

Mama Kaswera, nakuona, umesimama pale nyuma karibu na wapishi, na ulinitazama kila siku wiki sita na nusu bila kunitaja, kwa sababu kwako nilikuwa mpeleka barua tu, uliamini niliifikisha, na mimi kila siku nilisema, leo nitamwambia, nikaenda kununua dawa ambazo hazikuhitajika. Kaka yangu alikufa ukimwona mwongo, na mwongo alikuwa mlangoni. Unidai mimi, na unihukumu mimi, leo au siku utakayotaka, gereji unaijua.

Lakini yeye hakuipata, mama. Hakujua. Yaya Donat, kaka yangu, nimesema, pumzika kwa amani.